Kabla Mama Hajazaa, Hadithi Iishe

Mpwa wangu anauza tamthilia za Wakorea kwenye flashi pale soko la Likasi, na tangu aanze biashara hiyo amekuwa profesa. Ukimwomba filamu, anakupa na somo. Juzi nilikuwa nimemaliza moja ya daktari na mpishi, nikaenda kumuuliza msimu wa pili uko wapi. Akanitazama kwa huruma.

"Tantine, ba Korea habafanyake vile. Ikiisha, inaisha."

Kisha akakalia kreti ya bia, akanieleza. Kwao, anasema, mara nyingi hadithi nzima inaandikwa na mtu mmoja, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Televisheni inakubaliana naye mapema kuwa zitakuwa sehemu kumi na kitu, na zikiisha, wiki inayofuata saa ileile inaingia hadithi nyingine ya watu wengine. Waigizaji nao wanakwenda kutafuta kazi mpya. Na watazamaji wenyewe wameshazoea kupewa mwisho, ukiwanyima watapiga kelele nchi nzima.

Sibishani naye, yote ni kweli. Lakini mtoto huyu ananieleza jinsi inavyofanyika, na mimi nilimuuliza kwa nini. Mtu haimalizi hadithi yake kwa sababu ya mkataba peke yake. Anaimaliza kwa sababu mbele yake kuna mtu anayesubiri, na huyo mtu ana kazi nyingine ya kufanya. Hili nalijua vizuri, kwa sababu nilipokuwa mdogo nililala na kuamka ndani ya tamthilia yenye mwisho. Haikutengenezwa Korea. Ilitengenezwa mtaa wa Panda, hapa hapa Likasi, katika chumba cha kulala cha mama yangu, na wanawake watatu ambao hata mmoja wao hakuwahi kumwona Mkorea.

Ilikuwa ile miaka ya tisini ambayo sisi wenyewe tunaiita tu "wakati ule", na kila mtu anatikisa kichwa. Kampuni ya shaba ilikuwa inaanguka. Baba yangu, mchomeleaji katika karakana, alikuwa bado anaamka alfajiri, anavaa koti lake la buluu, anakwenda kukaa mbele ya mashine zilizokufa. Mchana alichukua jembe akaelekea mashamba ya upande wa Buluo, kwa sababu mshahara ulikuwa umebaki neno la kwenye sala. Bukari, ugali wetu, tulikula mara moja kwa siku. Na tulikuwa tunacheka sana! Sijui kwa nini watu wakisimulia miaka ile wanasahau kicheko. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nakumbuka mbavu zikiniuma kwa kucheka kuliko tumbo kwa njaa.

Katikati ya hayo mama akapata mimba. Baada yangu alikuwa amepoteza mbili, zote kubwa, zote zilikuwa zimeshaanza kupiga teke. Safari hii mkunga wa hospitali, mwanamke mnene asiyejua kutabasamu, alimpima, akanawa mikono, akamwambia mbele yangu:

"Huyu mutoto anapenda kutoka mbele ya saa yake. Utalala mpaka azaliwe. Hapana kupika, hapana kufua, hapana kwenda shamba. Ukisimama, tutamuzika sawa bale bengine."

Sasa, kumwambia mama yangu alale! Mama alikuwa mwanamke wa kusimama. Alikula amesimama, alisali amesimama, hata baba alikuwa akisema kwamba siku ya harusi walikosa picha nzuri kwa sababu bibi harusi alikataa kiti. Alilala siku chache, anaimba nyimbo zote za kanisa kwa hasira, kisha nikamkuta nyuma ya nyumba anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilipopiga kelele aliangusha mchi na kusema alikuwa anapita tu. Nililia siku hiyo kwa woga, nami si mtu wa kulia.

Aliyetuokoa ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa Mkasai, mke wa karani wa zamani. Miaka michache nyuma watu wengi wa asili yake walikuwa wamefukuzwa, wakapandishwa treni za kwenda Kasai, nchi ambayo wengine wao hawakuwahi hata kuiona. Binti yake mkubwa alipanda treni hiyo na mumewe. Yeye na mzee wake walibaki, Mungu mwenyewe anajua vipi, na tangu siku ile hakuwa amepata habari ya binti. Hakulizungumzia jambo hilo. Alipenda kuzungumzia televisheni yake, ambayo ilikuwa ya mwisho iliyobaki bila kuuzwa kwenye mstari wetu wa nyumba.

Basi akaingia siku moja, mumewe nyuma yake amebeba televisheni begani, wakaiweka juu ya sanduku la nguo, miguuni pa mama.

"Utalala na utaangalia," akasema. "Ukisimama, ninaibeba."

Ilikuwa inaonyeshwa tamthilia moja ya mbali, yenye watu waliotiwa sauti za Kifaransa ambazo hazikulingana na midomo yao. Ilihusu msichana wa jikoni aliyeolewa kwa siri na mtoto wa tajiri. Mume alipelekwa mbali, msichana akabaki na mtoto mchanga na mama mkwe shetani. Hiyo ndiyo ilikuwa kinyume cha Wakorea kabisa. Haikuwa na nia ya kuisha. Yule mtoto alianza kuota meno nikiwa darasa la nne, nikiichungulia kwa jirani, na nilipofika la sita alikuwa bado anaota meno yaleyale. Lakini mama alitulia. Alilala ubavu, mkono juu ya tumbo, akimtukana mama mkwe kwa Kibemba ili mimi nisielewe. Nilielewa yote.

Umeme wa bwawa la Mwadingusha wakati ule ulikuja ulipotaka. Mchana mmoja, msichana wa jikoni amesimama kwenye kituo, mtoto mgongoni, mume wake yumo ndani ya treni inayokaribia, transfo ya mtaa wetu ikapasuka. Tulisikia mlio, tukaona moshi. Hakuna aliyekuja kuitengeneza, si wiki hiyo wala mwezi uliofuata.

Mama akakaa kitandani, akateremsha mguu mmoja. "Basi. Niamuke, nitafute kazi."

"Lala!" akasema jirani. "Minye ninajua yenye ilifuata."

"Unajua namna gani? Kwako iko kuran ya umeme?"

"Ninajua. Treni ilikwama."

Mama akarudisha mguu. "Ilikwama wapi?"

"Katikati ya pori. Lokomotivi ilikufa. Bantu bote bakashuka, bakaanza kutafuta kuni za kupika."

Hapo hapo hadithi ikahamia kwetu, na haikurudi tena ng'ambo. Jirani hakuweza kuibeba peke yake kila siku, kwa hiyo akaita wenzake wawili: muuza makala, yaani mkaa, mwanamke mwenye sauti ya kusikika mpaka reli, aliyekuwa na mkokoteni wake mwenyewe, na mke wa katekista, mwembamba, msafi, asiyekosa rozari mkononi. Wakagawana alasiri. Mmoja akiingia, anakalia sanduku, anauliza jana tumeacha wapi, anaendelea. Mimi nilikaa sakafuni nikichambua maharagwe. Dirishani palijaa vichwa vya majirani, na ukichelewa hukupata nafasi.

Jamani, tamthilia ile! Mikononi mwa mke wa katekista kila mtu alikwenda kuungama. Mama mkwe aliungama, mpishi aliungama, hata daktari aliyepita tu kuuliza njia. Muuza makala yeye alitaka ngumi. Siku yake, msichana wa jikoni alimpiga mama mkwe kwa mwiko wa bukari sebuleni, mbele ya wageni, na dirisha lote likashangilia. Tajiri naye alianza vizuri, lakini kufikia mwezi wa pili hakuwa amelipwa mshahara, akauza gari, na nilimwona kabisa katika akili yangu amevaa koti la buluu kama la baba. Mama alicheka mpaka kitanda kikalia. Mkunga alipokuja kumpima alituuliza kuna nini. Tulipomweleza alifikiri kidogo, akasema kucheka ruhusa, kuamka hapana.

Halafu ikaja ile alasiri mbaya. Muuza makala alikuwa na ulimi mtamu usio na breki. Alimpa yule mtoto wa hadithi homa ili tusikie uchungu kidogo, na alipoona tumesikia uchungu akanogewa. Homa ikapanda. Msichana akakimbia na mtoto mgongoni kutafuta dawa, kila mlango umefungwa. "Mutoto akalegea," akasema muuza makala, ameshafumba macho. "Mama yake akamuita. Mutoto hakuitika."

Alipofumbua macho, mama alikuwa amegeukia ukuta.

Jirani alimshika mkono, akamtoa nje, na akasikika lupango nzima, uani kote: "Mbele ya mwanamuke wa mimba? Weye uko na kichwa gani?" Kwetu hata nyoka hatajwi mbele ya mwenye mimba, sembuse mtoto kufa. Mama hakula. Usiku hakuimba. Mimi nilimchukia muuza makala kwa moyo wangu wote, nikapanga kuupiga mawe mkokoteni wake.

Asubuhi kabla jua halijapanda vizuri alikuwa mlangoni. Hakuwa ameuza hata gunia moja. Aliingia na mikono yake myeusi, akasimama karibu na kitanda, akasema na mgongo wa mama:

"Mutoto alipona. Homa ilishuka. Hii asubui aliomba bukari."

Mama hakugeuka.

"Bukari na nini?" akauliza.

"Na ndakala, bale basamaki badogo. Alimaliza yote, akalamba sahani, akaomba tena."

Mama akageuka. Muuza makala akakaa pale chini, akalia kwa sauti yake yote, na mama ndiye aliyempa kitambaa. Mawe yangu niliyarudisha nilikoyaokota.

Baada ya siku hiyo waliketi kwa heshima, wote watatu, wakaweka sheria. Kwanza, hafi mtu. Kuku anaweza kufa, mtu hapana. Halafu mke wa katekista akaleta jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Kwetu, mwanamke akishikwa na uchungu wa kuzaa, kila kilichofungwa nyumbani kinafunguliwa: nywele zinafumuliwa, kitenge kinalegezwa, magunia yanafunguliwa midomo, na waliogombana wanapatana, ili na mtoto apate njia. Sasa je, hadithi? Hadithi iliyoachwa katikati nayo si imefungwa? Walibishana hadi vichwa vya dirishani navyo vikaingilia. Mwisho wakakubaliana kwamba ndiyo, imefungwa, na mbaya kuliko nywele. Ni lazima iishe kabla mama hajazaa. Ila isiishe mapema, maana siku itakapoisha mama ataamka.

Tangu hapo walifanya kazi kwa namna nyingine. Walianza kutazama mwisho na kurudi nyuma. Mke wa katekista alikuwa ameingiza ndugu pacha wa mume wiki iliyopita, akaonekana hana kazi. "Huyu pacha alishakwenda Zambia," akatangaza, "musimuulize tena." Daktari aliyekuwa anapita akapewa mke, akafungiwa ukurasa. Kila aliyebaki alibaki kwa sababu mwisho ulimhitaji. Leo nikitazama Wakorea hao, mtu akivunja kikombe sehemu ya pili, najua ipo sababu, na namwona mke wa katekista akimpeleka pacha Zambia.

Kitu kimoja tu hakikusogea. Treni. Wenzake walijaribu kuileta, hata abiria wenyewe wakiisukuma, na kila mara jirani alisema, "Treni ni yangu. Bado." Tulidhani ni ufundi, anatuwekea utamu wa mwisho. Msichana wa jikoni alikwenda kituoni kila sehemu, akarudi peke yake.

Mwezi wa tisa wa mimba ulikuwa umeanza tu, alasiri ya jua kali, mama alipokamata ukingo wa kitanda na kusema, "Eh, mama yangu." Baba yuko shamba. Gari hakuna. Muuza makala akaja mbio na mkokoteni, tukaweka godoro juu ya vumbi la makala, mama juu ya godoro. Nikaanza kumfumua nywele. Jirani akafungua kila gunia na kila fundo, hata kamba ya nguo alifungua, nguo zikaanguka chini.

"Na kuku!" mke wa katekista akakumbuka, amemkazia macho muuza makala. Walikuwa hawajasalimiana vizuri tangu kuku wa katekista alipopotea.

"Njo minye nilimukula!"

"Nilijua!"

"Basi?"

"Basi!"

Wakapeana mikono juu ya tumbo la mama, tukaondoka.

Barabara ya hospitali ilitusikia siku ile. Muuza makala na mke wa katekista walisukuma huku wakimalizia hadithi, kila mmoja anamkatiza mwenzake. Mama mkwe? Alipiga magoti, akaomba msamaha, akafundishwa kupika sombe. Tajiri? Alilipwa malimbikizo yote, hapo wanaume wawili waliokuwa njiani wakapiga makofi na kutusaidia kusukuma. Mtoto? Meno yametoka yote. Uchungu ukija tulinyamaza, ukipita mama mwenyewe alidai: "Na mupishi? Mupishi mumemusahau!" Wakamwoza mpishi pale pale kwenye mzunguko wa barabara. Nilikuwa nakimbia kando, nacheka na kuogopa kwa pamoja, sijui lipi lilikuwa kubwa zaidi.

Tukafika mlangoni mwa wodi ya wazazi. Kila kitu kimeisha isipokuwa treni. Wote wakamtazama jirani.

"Sema," akasema mke wa katekista. "Ilete."

Jirani akatikisa kichwa.

"Sema, dada! Huyu mutoto anakuya!"

"Siwezi," akasema. "Minye nikiileta, na hakuna muntu ndani?"

Hapo ndipo hata mimi mtoto nilielewa ni treni gani alikuwa anaizuia miezi yote ile. Mkunga alikuwa ametoka na anatufokea tumwingize mgonjwa ndani, na mama, nywele zimesimama, uso wote jasho, akanyoosha mkono akamshika jirani kifundo cha mkono.

"Treni ilishafika," mama akasema. "Minye nilikuwa pale kwa kituo, niliona na macho yangu. Alishuka. Alikonda, lakini alishuka, na mizigo yake yote. Akatazama huku na huku. Akauliza, mama yangu iko wapi?"

"Si bwana alikuwa anatafuta muke wake..." akaanza muuza makala. Mke wa katekista akamkanyaga mguu.

"Akauliza, mama yangu iko wapi," mama akarudia. "Na mama yake akamuitika."

Jirani aliitika. Aliitika kweli, kwa sauti, pale uani, kwa lugha ya kwao, neno moja ambalo mtu anamjibu mwanawe anayemwita kutoka nje. Kisha akajifunika uso kwa kitenge.

"Inaisha," mama akasema. "Sasa mufungue mulango, nizale."

Tulikaa chini ya ukuta, sisi wanne, hatuna tena hata sentensi moja ya kusimulia. Muuza makala alikuwa anachora mistari chini kwa kidole. Mimi nilisali sala ambayo sikuwa nimefundishwa, nikamwambia Mungu sheria yetu, kwamba hafi mtu. Mara tukasikia mtoto. Alilia kwa hasira, alilia sauti nzito ya mtu aliyeamshwa, na jirani ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Alivipiga mpaka mkunga akatoka kumnyamazisha, akamwona uso, akarudi ndani.

Walituruhusu kuingia kesho yake asubuhi. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mdogo wangu kifuani, nyayo zote mbili sakafuni.

"Lala!" nikapiga kelele.

Wodi nzima ikacheka. Mkunga alikuwa anakunja shuka kitanda cha pili, hakuinua hata kichwa.

"Mwache," akasema.

Na mama akasimama.